Hesabu za Siku ya Tatu Hadi ya Tisa

Kituo cha Utafiti wa Bahari
6 Januari

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Baba Mdogo ni wazima. Jumapili kwenye simu nilikwambia nimepewa kazi ya makoa, ukasikia makaa, ukanipa pole kwa kuyauza. Nikaona tusipigizane kelele, niandike.

Ndiyo, ni makoa. Makoa wa baharini, wale wale wako, konokono wasio na nyumba. Nimekabidhiwa chumba chako cha zamani, Chumba cha Tatu. Usingekitambua. Wameweka dari, dirisha lile la upande wa jua la jioni wameliziba kwa matofali, na kuna kiyoyozi kinachokoroma kama abiria. Rafu mbili zipo pale pale, ya juu na ya chini. Babu Koki naye yupo, bado ndiye fundi wa pampu, na bado anatembea na spana mfuko wa nyuma. Aliponiona alisema, "Wewe ni yule mtoto aliyekojoa kwenye tangi la chaza." Hayo ndiyo yalikuwa makaribisho yangu.

Sasa sikiliza kazi yenyewe. Mwezi wa tano Kamati ya Mji inakaa tena kuamua habari ya mfereji wa kutoa maji ya mvua Bondeni na kuyamwaga ghubani. Mimi nimepanga huko huko Bondeni. Kitanda cha mama mwenye nyumba wangu kimepandishwa juu ya matofali matatu. Mvua ikianza anakaa juu yake miguu imekunjwa na kutangaza, "La kwanza limezama. La pili." Kila mfereji unapoombwa, Kamati hutoa ripoti yako. Maji ya ghuba yana gramu thelathini na tano za chumvi kwa lita, na yakishuka hadi ishirini na tano mayai ya koa hayaangui. Na ikiwa mayai ya koa, ambayo mtu anaweza kuyahesabu kwa macho, yanakufa, basi ya chaza na kaa tusiyoyaona yanakufa pia. Hapo kikao hufungwa.

Safari hii Kamati imeomba jaribio lirudiwe. Mkuu wa Kituo ameniambia, "Kurudia tu. Usibuni." Kwa hiyo niandikie ulivyofanya, hatua kwa hatua. Ripoti yako ni fupi kuliko nilivyodhani.

Mwanao

*

Nyumbani
15 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima. Baba yako Mdogo anasema kuuza makaa kungekuwa na faida zaidi, anakusalimu.

Chukua utepe wa mayai uliotagwa siku hiyo hiyo. Usingoje kesho. Ukate vipande sawa, kila kipande beseni lake. Maji uyachuje kwa kitambaa cha hariri mara mbili. Ya kupunguza chumvi uyachanganye mapema na uyaache yafikie joto la chumba, kwa sababu yai likipigwa na maji baridi ghafla hutajua kilichomwua ni chumvi au ni baridi. Kila asubuhi badilisha nusu ya maji, taratibu, kama unayemmiminia mgonjwa.

Siku ya pili utaona nukta zinaanza kuzunguka ndani ya mayai. Siku ya nne kila kiluwiluwi ana gamba dogo, kwenye darubini ni kama nusu ya punje ya mtama iliyo wazi kama kioo. Watu husahau hilo, kwamba koa huzaliwa na nyumba, akaiacha ukubwani. Siku ya saba wanatoboa na kuogelea. Wana mabawa mawili ya duara yenye nywele, yanapepea bila kupumzika. Hesabu mia moja kwa kila beseni, andika wangapi wameangua na wangapi wana gamba lililopinda.

Na kila asubuhi badilisha nafasi za mabeseni, ya juu yashuke na ya chini yapande. Chumba kile hakikuwa na joto moja.

Sielewi kwa nini Kamati inataka kurudia kazi iliyokaguliwa na watu watatu wenye akili zao. Lakini waliokuajiri ndio wenye amri. Fanya, upate uzoefu.

Mama yako Mdogo

*

Kituo
4 Februari

Mama Mdogo,

Shikamoo. Sina raha, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja.

Beseni za maji ya kawaida ya bahari zimeniendea vizuri. Kati ya mia, themanini na tisa waliangua, siku ya saba kama ulivyosema. Niliangalia kwenye darubini nikacheka peke yangu. Wanaogelea kama watu waliochelewa kazini.

Shida ni beseni za gramu ishirini na tano. Ripoti yako inasema walioangua ni sita kati ya mia. Kwangu wameangua themanini na mmoja. Wamechelewa siku mbili, ni wadogo kidogo, lakini magamba yao yamenyooka na wanaogelea. Nimehesabu mara tatu. Nimemwita binti wa chumba cha pili naye akahesabu, akapata themanini na mbili.

Mkuu alikuja, akainama kwenye darubini, akainuka, akasafisha miwani, akainama tena. "Umekosea maji," akasema. Nikamwambia nimepima. Akasema, "Basi kipimo kimekosea." Kisha akaniuliza kama najua ripoti ile imenukuliwa na watu wangapi.

Nimekosea wapi?

Mwanao

*

Nyumbani
11 Februari

Mwanangu,

Kipima chumvi hudanganya kikikaa muda bila kusafishwa. Kilinganishe na maji ambayo umeyapima mwenyewe kwa mzani. Angalia pia umri wa utepe, mayai ya siku mbili yameshapita hatua ya hatari. Angalia kitambaa cha kuchujia. Waulize waliosafisha mabeseni walitumia sabuni gani, ingawa sabuni ingewaua, haingewaponya. Rudia.

Na usiandike ripoti bado. Ukishaweka namba kwenye karatasi, karatasi hutembea yenyewe. Mtu hawezi kuikimbilia.

Umenuna kwenye barua yako. Usinune. Kazi ya maji ni kurudia.

Mama yako Mdogo

*

Kituo
3 Machi

Mama Mdogo,

Shikamoo.

Nimerudia mara mbili. Kipimo nimekilinganisha na mzani. Utepe nimeuokota mwenyewe saa moja baada ya kutagwa. Mabeseni nimeyaosha mwenyewe kwa maji matupu. Themanini na nne. Sabini na tisa.

Kwa hiyo nikaenda stoo kutafuta madaftari yako ya mwaka ule, miaka ishirini na mitatu iliyopita. Sikwenda kukuchunguza, nilitaka kuona kama kuna kitu ulichofanya ambacho umesahau kuniandikia. Kurasa zako zote zina madoa ya maji, wino umevuja, kuna mahali umeandika pembeni "njaa inauma." Lakini kuanzia siku ya tatu hadi siku ya tisa ya jaribio la chumvi, kurasa saba ni safi kama kadi ya harusi. Kalamu moja, mwandiko mmoja ulionyooka, hakuna tone.

Daftari la pampu la Babu Koki lilikuwa kwenye boksi hilo hilo. Siku hizo saba, kila siku, ameandika mstari mmoja: "Dada hayupo. Nimeongeza maji."

Nilimfuata penye pampu. Nikamwuliza, "Babu, Mama Mdogo alikuwa wapi wiki ile?"

Akaendelea kukaza nati. "Mimi nahusika na maji yanayoingia na kutoka," akasema. "Watu wanaoingia na kutoka, muulize mlinzi."

"Mlinzi wa wakati ule alishafariki, Babu."

"Basi umefika mwisho wa uchunguzi."

Lakini alipomaliza hakuondoka. Alifuta mikono kwa muda mrefu kuliko mafuta yaliyokuwepo. Kisha akasema, "Aliniambia nisiguse kitu, niongeze maji tu. Sikugusa." Akaenda zake.

Mama Mdogo, nimepiga hesabu ya tarehe. Mwezi ule ndio Mama alilazwa. Nilikuwa na miaka minne, sikumbuki, lakini Baba Mdogo huutaja. Kama uliondoka kwenda kumwuguza dada yako, niambie. Hakuna mtu ambaye hataelewa. Mimi wa kwanza. Nitamweleza Mkuu kwamba kulikuwa na msiba mlangoni, na tutapata njia ya kuliandika kwa heshima.

Niambie tu.

Mwanao

*

Kituo
24 Machi

Mama Mdogo,

Wiki tatu sasa. Nimepiga simu, Baba Mdogo akasema umelala. Ilikuwa saa nne asubuhi, na wewe hujawahi kulala saa nne asubuhi tangu nikujue. Nilikusikia ukikohoa.

Mkuu anataka rasimu ya ripoti tarehe kumi na tano Aprili. Nimemwomba anivumilie. Sijamwambia kwa nini.

Mwanao

*

Nyumbani
31 Machi

Mwanangu,

Barua hii nimeiandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa fupi: "Ndiyo, nilikwenda kwa mama yako." Niliitia kwenye bahasha, nikabandika stempu, nikampa Baba yako Mdogo. Akafika posta akakuta wamefunga kwa ajili ya ukaguzi, akarudi nayo. Ililala juu ya meza siku mbili. Nikaichana. Wewe ulinifungulia mlango mzuri sana wa kutokea, na ilikuwa bado kidogo nipite.

Sikwenda kwa mama yako. Nilikwenda kwenye usaili wa nafasi ya masomo ya nje. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, na niliambiwa hiyo ndiyo mara ya mwisho. Sikuomba ruhusa, nilijua ningenyimwa kwa sababu jaribio lilikuwa katikati. Nilimwambia Babu Koki nina dharura ya nyumbani, aongeze maji na asiguse kitu. Hakuniuliza, na tangu siku ile hajaniuliza.

Basi langu lilisimama dakika ishirini katika mji aliolazwa mama yako. Hospitali iko ng'ambo ya stendi. Niliyaona madirisha ya wodi. Nilinunua chupa ya maji nikapanda tena, nikijiambia nitashuka wakati wa kurudi. Wakati wa kurudi nilikuwa nimechelewa. Nilimwona mwezi uliofuata. Tuliongea vizuri, alinikabidhi wewe, na sikumwambia kwamba niliwahi kupita. Akafariki bila kujua. Hilo halihusu koa. Nimeliandika kwa sababu wewe ndiye uliyelitaja.

Linalohusu koa ni hili. Asubuhi niliyoondoka, beseni za maji yaliyopunguzwa chumvi zilikuwa zamu ya rafu ya juu, pembeni ya dirisha. Wakati ule hapakuwa na dari. Juu ya rafu ile kulikuwa na bati tupu, na kuanzia saa nane mchana jua lilipiga pale hadi linapozama. Ndiyo maana nilikuwa nazizungusha kila siku. Kwa siku saba hazikuzungushwa. Niliporudi siku ya tisa jioni, za juu zote mayai yalikuwa meupe, yameganda, wachache tu walikuwa hai na magamba yao yamepinda kama ukucha ulioumia. Za chini, za maji ya bahari, walikuwa wanaogelea. Kipimajoto kilikuwa kimoja, na kilikuwa chini.

Ningesema, "Jaribio limeharibika, naanza upya." Ingechukua wiki mbili. Lakini barua ya usaili ilitaka matokeo ya jaribio langu ndani ya siku tano. Nilijua viluwiluwi wanavyokua siku kwa siku, kwa hiyo nikakaa nikaandika jinsi ambavyo wangekuwa wamekufa. Namba ya mwisho, sita kati ya mia, ni ya kweli, niliihesabu. Zilizo katikati ni za kichwani mwangu. Sababu niliyoitoa, kwamba ni chumvi peke yake, niliitaka iwe kweli hadi nikaiamini.

Sikuwa nawaza Bondeni. Nilidhani ripoti italala maktabani kama nyingine. Miaka sita baadaye Kamati ilipoitumia kukataa mfereji kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimeketi mstari wa mbele. Walinipigia makofi. Nikasimama, nikainamisha kichwa kushukuru, nikakaa.

Leo nimemwandikia Mkuu wa Kituo. Nakala nimekuwekea humu. Usinitetee, na usilainishe neno.

Mama yako Mdogo

*

Chumba cha Tatu
14 Aprili

Barua yako imefika tarehe sita. Nimekaa nayo siku nane.

Sina maamkizi leo. Ningeyaandika ningekuwa naongopa, na humu ndani kumeongopwa vya kutosha.

Juzi mvua ilinyesha mchana. Nilirudi kutoka kazini nikamkuta mama mwenye nyumba anakinga maji mlangoni kwa mifuko ya mchanga, mjukuu wake wa kike ameketi juu ya kabati la vyombo. Tulichota ndoo arobaini. Aliniuliza, "Hao wadudu wako wanasemaje? Wameshakubali?" Nikamwambia bado tunapima. Nilimwangalia usoni nikamwambia hivyo. Kwa hiyo sasa na mimi nina la kwangu.

Kuhusu dirisha la wodi sina la kusema. Labda nitakuwa nalo baadaye. Nimegundua kwamba miaka yote nilijenga picha yako umekaa pembeni ya kitanda chake, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Niliijenga mwenyewe.

Jambo moja la kazi. Umeandika kwamba rafu ya juu ilikuwa na jua na bati. Chumba changu kina dari na kiyoyozi, joto ni nyuzi ishirini na saba mchana kutwa. Kwa maneno mengine, mimi sijarudia jaribio lako. Nimefanya jingine. Lako halikuwa la chumvi peke yake, lilikuwa la chumvi na joto kwa pamoja, na hakuna aliyejua, hata wewe. Nimemwomba Mkuu wiki tano zaidi. Babu Koki ananifungia hita za tangi kwenye beseni. Nilipomweleza, alisema, "Hatimaye kuna mtu ameniruhusu kugusa."

Mtafiti Msaidizi

*

Ofisi ya Mkuu wa Kituo
20 Aprili

Kwa Mtafiti Mstaafu,

YAH: BARUA YAKO YA TAREHE 31 MACHI

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Ofisi inakiri kupokea barua yako na imeisoma kwa masikitiko. Ripoti husika itabaki maktabani, ila barua yako itabandikwa kwenye ukurasa wake wa kwanza, ili yeyote atakayeifungua aisome kabla ya ripoti. Jarida lililoichapisha limearifiwa. Kamati ya Mji imearifiwa. Hadhi yako ya mshauri wa heshima wa Kituo imesitishwa kuanzia tarehe ya barua hii.

Nje ya mambo ya ofisi: nilikuwa mwanafunzi wako darasa la mwaka wa pili. Ulinikata alama kumi kwa sababu sikuandika saa niliyosoma kipimajoto. Sijui leo nifanye nini na kumbukumbu hiyo.

Wako katika kazi,
Mkuu wa Kituo

*

Chumba cha Tatu
25 Mei

Mama Mdogo,

Shikamoo. Nimeiandika kwanza, kabla sijabadili mawazo.

Matokeo haya hapa. Nilitengeneza makundi manne, kila moja beseni sita, na nafasi zake nilizungusha kila asubuhi bila kukosa siku. Maji ya bahari ya kawaida, joto la nyuzi ishirini na saba: themanini na nane kati ya mia wameangua. Chumvi imepungua, joto lile lile: themanini. Chumvi ya kawaida, joto la nyuzi thelathini na tatu: sabini na mmoja, na hao wameangua siku ya tano, wadogo, wana haraka, lakini wanaogelea. Chumvi imepungua na joto limepanda, vyote viwili: tisa.

Tisa tu. Siku ya nne niliona magamba yanaanza kujengeka halafu yanasimama, kama nyumba ya mtu aliyeishiwa saruji. Siku ya sita mengi yalikuwa yamepinda. Sita yako na tisa yangu ni ndugu. Yai huvumilia shida moja, mbili kwa pamoja zinalishinda.

Kwa hiyo ulikuwa umeona kitu cha kweli. Hilo nalo linaniudhi. Ungeandika kwamba uliondoka, kwamba rafu ilikuwa na jua, mtu mwingine angeuliza swali hili miaka ishirini iliyopita, na Bondeni wangekuwa wamepata mfereji wao tangu mimi nikiwa shule ya msingi.

Kamati imekaa wiki iliyopita. Nilisimama mbele yao dakika kumi na tano. Wamepitisha mfereji wenye lango. Miezi ya baridi lango litakuwa wazi na mvua itaenda moja kwa moja ghubani. Miezi ya joto maji yatapita kwanza kwenye bwawa na kutolewa kidogo kidogo, kulingana na joto la ghuba siku hiyo. Bondeni watalowa bado siku kadhaa za miezi ya joto, lakini hawatazama. Mama mwenye nyumba nilipomweleza alisema, "Kwa hiyo tofali moja nalitoa, mawili nayaacha kwanza." Sikujua kama nicheke.

Sasa jambo la pili. Wakazi wameitisha mkutano Jumamosi ya tarehe saba Juni, ukumbi wa shule. Wanajua kuhusu barua yako, ilisomwa kwenye kikao. Wameuliza kama aliyeiandika atakuja. Sikulazimishi, na sitakusimamia. Nitakuwa nimeketi na wenzangu wa mtaa. Lakini kama utakuja, basi linafika saa tatu asubuhi na nitakuwa stendi.

Mwanao

*

Nyumbani
12 Juni

Mwanangu,

Marahaba, hata kama uliniamkia ana kwa ana Jumamosi. Ya kwenye karatasi huwa narudi kuyasoma.

Asante kwa kunipokea na asante kwa kutoketi karibu yangu. Nakuandikia kwa sababu mle ukumbini nilisikia nusu tu, na njiani tulipokuwa tunarudi stendi tulizungumza habari za hali ya barabara kama watu wasiojuana.

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Baba yako Mdogo alinifungia hata chupa ya maji ya kunywa nikiishiwa sauti. Nilisimama, nikasema nilichokifanya, kwa mpangilio ule ule niliokuandikia. Niliposema niliandika namba ambazo sikuzihesabu, kuna mzee nyuma alisema neno sikulisikia, watu wakacheka kidogo, si kwa furaha. Kisha mama mwenye nyumba wako akanyanyuka. Nilimtambua kwa jinsi ulivyomweleza.

Akaniuliza, "Ni miaka mingapi tangu mfereji ukataliwe mara ya kwanza?"

Nikamwambia, "Kumi na saba."

Akasema, "Mume wangu alikuwa hai bado." Halafu akabaki amesimama, nami nimesimama. Sikusema samahani, kwa sababu nilikuwa nimeshaisema na niliona haifiki kule alikokuwa. Baadaye akasema, "Haya. Kaa. Kuna maswali mengine."

Na yalikuwa maswali ya maana. Huyo huyo mama ndiye aliyeuliza: lango litafunguliwa kulingana na joto la ghuba, sawa, je, nani atalipima hilo joto? Mtu wa Mji? Atakuja kila siku, au ataandika akiwa kitandani? Ukumbi wote ukanigeukia. Sikuwalaumu. Nikakuona wewe unaangalia vidole vyako.

Ndipo nikanyanyua mkono, nikasema nitalipima mimi. Nilidhani nimejidhalilisha, na labda nilijidhalilisha. Lakini jana Mkuu wa Kituo amenipigia simu, akapiga kelele vizuri hadi nikamsikia. Wakazi wamekaa kikao chao cha pili na wamekubali, kwa masharti. Kipimajoto na kipima chumvi vitafungwa langoni. Nitapima saa moja asubuhi na saa tisa mchana, miezi yote ya joto. Mama mwenye nyumba wako atakuwa na ufunguo wa pili na atapima naye siku yoyote atakayoitaka bila kuniambia. Daftari litakaa kwake, si kwangu. Anasema ana chumba kimoja cha nyuma na kwamba nisitegemee kitakuwa kikavu.

Baba yako Mdogo amesema nimechanganyikiwa, kisha akaenda kunitafutia viatu vya mpira.

Kuhusu mama yako na lile dirisha, sitaomba uniambie kitu. Nitakuwa nyumba moja na wewe kwa miezi mitano. Ukitaka kuuliza, uliza, jioni yoyote, hata swali lile lile mara kumi. Ukitaka kunyamaza, tutapika na tutanyamaza.

Nafika tarehe moja Oktoba. Nataka hesabu zangu uzikague wewe kila Jumamosi, zote, kama ambavyo ungekagua za mtu usiyemjua. Na siku ambayo nitaumwa, au nitalala, au nitashindwa tu kufika langoni, nitaandika tarehe, na pembeni yake nitaacha nafasi wazi.

Mama yako Mdogo